Upande Unaonyonya: Nasaha kwa Mwenye Gari la Porini

Miongoni mwa tuhuma zinazotolewa kila siku katika gereji zetu bila ya ushahidi wala shahidi, hakuna inayomdhulumu mtuhumiwa wake, wala inayomgharimu mwenye gari, kuliko ile ya kuisingizia pampu ya dizeli. Gari likikosa nguvu mlimani, pampu; likizimika lenyewe katikati ya mchanga, pampu; likikataa kuwaka alfajiri, ilhali jana magharibi liliingia uani likinguruma vizuri, basi hapo hapana shauri tena, pampu imekufa, ifunguliwe ipelekwe mjini. Mimi sisemi kwamba pampu haifi, kwani kila chombo kina ajali yake. Lakini katika miaka niliyoendesha Land Cruiser ya injini ya 1HZ baina ya Tanga, Handeni na nyika za Kiteto, gari ambalo watu hulitambua kwa jina la mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa lililosimama ubavuni mwa kioo mithili ya mkonga wa ndovu, nimepatwa na hitilafu za mafuta mara nyingi, na mara zote isipokuwa moja chanzo chake kilikuwa nyuma ya pampu, baina yake na tangi, mahali ambapo spana, bisibisi na subira hutosha.

Ili neno hili lieleweke, yafaa tuifuate njia ya mafuta tangu mwanzo wake. Dizeli hutoka tangini, chini ya gari upande wa nyuma, ikapita katika bomba la chuma linaloambaa na fremu, ikaingia katika vipande vya mpira kila panapohitajika bomba kujipinda au kutikisika, ikafika kwenye filta chini ya boneti, na kutoka hapo ikaingia katika pampu kubwa, ambayo huisukuma kwa mgandamizo upitao mara mia ule wa hewa tunayoivuta, hata ikafika kwenye nozeli sita, kila nozeli na silinda yake. Na ile inayozidi hurudi tangini kwa bomba la pili. Katika Land Rover za 300Tdi iko pampu ndogo ubavuni mwa injini inayoyavuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma kwenye filta, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari hiyo ina msukumo, na bomba likitoboka hapo utaiona dizeli ikidondoka chini. Katika 1HZ hamna msaidizi huyo. Pampu kubwa yenyewe, kwa vipanga vidogo vilivyomo tumboni mwake, ndiyo inayoyanyonya mafuta tangu tangini na kupita filta, masafa ya mita kadhaa, kama mtu anywaye dafu kwa mrija mrefu. Na kila aliyewahi kunywa dafu kwa mrija uliopasuka anajua kwamba tone halimwagiki nje, ila mdomo hujaa upepo.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tumezoea kulitafuta tundu kwa kufuata umajimaji, nao upande unaonyonya ni kama jeraha lisilotoa damu: mpira umepasuka, klipu imelegea, washa ya shaba imechakaa, na nje kote ni pakavu kama jangwa, huku ndani viputo vya hewa vinakwenda kimoja kimoja hadi kwenye pampu, ambayo haikuumbwa kusukuma hewa.

Masika moja gari langu lilishikwa na maradhi ya asubuhi. Mchana lilikwenda kama kawaida, lakini kila alfajiri lilitaka stata ndefu hata betri ikachoka, kisha liwake kwa kumisi na kutoa moshi mweupe, na baada ya dakika mbili litulie kana kwamba halikuwahi kuugua. Fundi mmoja, katika mji ambao sitautaja, alikuwa amekwisha kuifungua pampu, akaipeleka kupimwa, akabadilisha nozeli zote sita, na akanitoza fedha ambazo kwa wakati ule zingeninunulia ng'ombe wawili wa maziwa. Na asubuhi iliyofuata maradhi yakawa pale pale. Nikaenda Handeni kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi wake kwenye magari ya mashamba ya mkonge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lako jana lililala wapi?"

Nikadhani ananiuliza habari za usalama wa mahali, nikamjibu kwamba lililala uani kwa mwenyeji wangu, na lango lilifungwa.

"Sikuulizi hayo. Nakuuliza, lililala limeinua kichwa au limeinamisha?"

Ua ule ulikuwa na mteremko, na kwa desturi nililiegesha uso ukiwa juu ili asubuhi nirudi nyuma kwa urahisi. Akaniambia nikalilaze usiku ule limeinamisha kichwa, kisha nirudi kumpa habari. Alfajiri yake liliwaka kwa mguso wa kwanza. Nilipomrejea alicheka sana, akafungua boneti, akaikamata ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, akaibonyeza taratibu, na kwa ukucha akanionyesha ufa katika mpira wake, mwembamba kama unywele. Gari likiinua kichwa, hewa ilipenya katika ufa huo usiku kucha na mafuta yakateremka polepole kurudi tangini; likiinamisha, yalibaki palepale mlangoni pa pampu yakingoja kuitwa. Mpira ule ulinigharimu kiasi cha chakula cha mchana cha watu wawili. Namsimulia msomaji kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna kipimo kisichohitaji chombo wala shilingi, na ambacho hadi leo ndicho ninachokianzia.

Kipimo cha pili chataka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, usiozidi urefu wa mkono, uvikwe baina ya filta na mdomo wa pampu mahali pa ule mweusi. Liwashe gari, liache lingurume kidogo, kisha utazame. Viputo vichache dakika ya kwanza si kitu, ni hewa uliyoiingiza mwenyewe ulipofungua; lakini vikiendelea bila ya kukoma, hewa inaingia mahali nyuma ya hapo, na kwa kuuhamisha mpira huo hatua kwa hatua kuelekea tangini, kabla ya filta, kabla ya maungio ya bomba la chuma, utafika mahali ambapo viputo havionekani tena, na hitilafu umeipita hivi punde. Usisahau vijimpira vyembamba vya kurudishia mafuta juu ya nozeli, ambavyo hukauka na kupasuka kwa joto la injini. Navyo vyaweza kuingiza hewa usiku gari likiwa limelala; vikumbuke hasa ukiwa umekwisha kutafuta kwingine kote ukakosa.

Kipimo cha tatu ndicho kinachokata maneno baina ya mwenye gari na fundi mwenye haraka ya kufungua pampu. Chukua dumu safi la lita tano, litie dizeli uliyoichuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, lifunge imara mahali palipoinuka kuliko pampu na mbali na bomba la moshi, uiunganishe pampu nalo moja kwa moja, na bomba la kurudishia ulielekeze humo humo. Gari likienda vizuri kwa dumu, pampu haina hatia, na anayetaka kuifungua mwombe kwa adabu aweke spana chini. Likiendelea kuugua vile vile, hapo tena hata mimi nitanyamaza, na safari ya kwenda kwa mtu wa pampu mwenye mashine ya kupimia itakuwa ya haki.

Kabla ya vipimo vyote hivyo, mtu na atazame moshi, kwani moshi husema. Ukipiga stata na nyuma ya gari hakutoki chochote, mafuta hayafiki: tazama kama tangi lina kitu, kisha usikilize ile swichi ya umeme iliyo juu ya pampu, ambayo ufunguo ukizungushwa hutoa mlio mdogo wa "ta!", usipousikia, ufuate waya wake, kwani mara nyingi ni kichwa cha waya kilichochomoka kwa mtikisiko wa barabara. Moshi mweupe wakati wa stata maana yake mafuta yanafika lakini hayaungui, kwa ubaridi, kwa hita plagi zilizokufa, au kwa hewa iliyochanganyika nayo. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kabla ya kuilaumu nozeli yoyote lifungue chujio la hewa ulitazame, maana vumbi la Kiteto wakati wa kiangazi hulijaza kwa siku mbili. Wa bluu ni oili, na hilo halimo katika mlango wetu wa leo.

Iko hali nyingine yenye kuwahadaa watu, nayo ni ya gari linalokwenda vizuri kwa muda, likachoka, likazima, likapumzishwa dakika kumi, kisha likawaka na kwenda tena kana kwamba lilikuwa likisali. Hapo sababu aghalabu ni mojawapo ya mbili. Ama kichujio kilichomo ndani ya tangi, kwenye ncha ya bomba la kunyonyea, kimevutiwa taka zikakiziba, na injini ikizimwa taka zikadondoka. Ama tundu la kupumulia tangi limezibwa na matope, na kwa kuwa mafuta yanatoka na hewa haiingii, ndani hubaki utupu ambao pampu haiuwezi. Hili la pili hujulikana kwa kufungua kifuniko cha tangi mara tu gari linapozima: ukisikia mvuvumo wa hewa ikiingia kwa nguvu, umempata mwizi wako. Na uko mpira ambao kwa nje ni mzima, ila ndani utando wake umebanduka na kuwa kama ulimi, ukiziba pale mvuto unapoongezeka. Huo hakuna macho yatakayouona, na dawa yake ni kuibadilisha mipira yote ya kunyonyea pamoja, isiwe ule unaoushuku peke yake.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, mahali hasa panapofikiwa na mrija. Na katika pwani yetu yenye unyevu, tangi lililoachwa nusu tupu usiku hukusanya jasho lake lenyewe, ndiyo maana wazee wa magari hujaza jioni na si asubuhi. Maji hayo yakikaa muda mrefu, mpakani mwake na dizeli huota viumbe vidogo vinavyofanya ute mweusi kama wa mlenda uliooza, na ute huo ukikiziba kichujio, kuosha filta peke yake hakufai kitu. Lazima tangi lishushwe lisafishwe. Taa ya filta ikiwaka katika dashibodi, usiifunike kwa kitambaa kama nilivyomwona dereva mmoja akifanya. Simama, legeza kizibo kilicho chini ya filta, yaache maji yatoke mpaka ije dizeli safi, ukaze, uendelee na safari. Ni kazi ya dakika tano.

Ama uchakachuaji, neno ambalo sisi Watanzania tumelipa umaarufu usiostahili sifa, haujakwisha kabisa ijapokuwa umepungua. Mwaka 2010 ilianza kazi ya kutia alama ya siri katika mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hata bei yake ikakaribia ile ya dizeli, kusudi faida ya kuchanganya ipotee. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa muradi huo huo. Lakini wewe ukiwa Kijungu, huko Kiteto, na kituo cha karibu kiko mbali, ukauziwa kwa dumu kutoka kwenye pipa la dukani, alama ya siri haikusaidii. Tia kidogo katika chupa nyeupe ya maji, iache robo saa kivulini, utazame chini yake. Kisha paka tone baina ya vidole. Dizeli hubaki na utelezi, mafuta ya taa hukauka upesi. Utelezi huo ndio uhai wa pampu, kwa sababu haina oili nyingine ya kujilainisha ila dizeli yenyewe, na vyuma vyake vimepishana kwa mikroni chache tu, ilhali unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni hamsini au zaidi. Kipimo hiki si cha maabara, nakiri, lakini kimenizuia kununua mara mbili.

Kuhusu kutoa upepo nitasema machache, kwani kila fundi anakujua. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, piga stata isizidi sekunde kumi na tano kwa mara moja, na ikiwa bado, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli mbili au tatu mpaka dizeli itoke bila ya povu, kisha uzikaze. Wakati wa kufanya hivyo usiweke kidole mbele ya bomba lililolegezwa kwa kutaka kupima nguvu yake. Dizeli itokayo kwa mgandamizo ule hupenya ngozi kama sindano, jeraha laonekana dogo, na mkono waweza kukatwa. Aliyepatwa aende hospitali saa ile ile, hata kama haumwi.

Nimefika sasa kwenye mageuzi, jambo ambalo vijana hulianzia. Geuzo la kwanza, na kwa rai yangu ndilo lenye faida kuliko yote, ni kuongeza filta ya pili yenye bakuli linaloonyesha ndani, kabla ya ile ya asili, ifungwe kwenye fremu au ukutani mwa injini mahali panapofikika bila ya kulala chini. Iwe ya matundu makubwa kidogo, mikroni thelathini au karibu na hapo, ishike mchanga na maji, na kazi ya kuchuja vumbi jembamba ibaki kwa filta ya kiwandani. Wapo wanaoweka ya mikroni mbili upande huo wakidhani usafi ukizidi ni heri. Kumbe wanaibana koo pampu ambayo tayari inanyonya kwa taabu, na gari hupoteza nguvu siku ile ile lilipofanyiwa ihsani. Mipira iwe ile iliyotengenezwa kwa mafuta, si ya bustanini, na klipu ziwe za kuzunguka mpira wote zisizoukata.

La pili ni tangi la akiba. Gari linalokwenda porini lina haja nalo, na baadhi ya Land Cruiser ndefu hutoka kiwandani na matangi mawili ya lita 90 kila moja; lakini wenye tangi moja wamezoea kupakia madumu juu ya paa, wakasahau kwamba madumu sita ya chuma ya lita ishirini ni zaidi ya kilo 120 zilizowekwa mahali pabaya kuliko pote, ambazo kwenye mteremko wa pembeni hulivuta gari lianguke. Bora uzito huo uwe chini, baina ya fremu. Tangi likatwe kwa bamba la chuma au alumini, na kamwe lisitengenezwe kwa bati la paa, kwani zinki iliyopakwa juu yake haipatani na dizeli na huzaa uchafu unaoziba nozeli. Ndani liwe na kuta zenye matundu ili mafuta yasipige mawimbi. Na fundi asithubutu kulichomea tangi lililowahi kubeba mafuta, hata likionekana kavu, kabla halijaoshwa sawasawa likatolewa mvuke. Watu wamekufa kwa kazi ya dakika moja.

Lakini jambo ambalo nimeliona likikosewa zaidi katika matangi mawili ni bomba la kurudishia. Watu huweka bilula ya kuchagua tangi la kunyonya, wakaliacha rejesho liende siku zote kwenye tangi la kwanza. Ukinyonya kutoka la pili, kiasi kikubwa cha mafuta hurudi la kwanza, ambalo likiwa limejaa hufurika kupitia tundu lake la kupumulia, na la pili hukauka kabla ya wakati. Wewe ukaja kudhani umeibiwa. Bilula lazima igeuze njia zote mbili kwa pamoja.

La tatu, na hapa nitawaudhi wengi, ni ile skrubu ya nyuma ya pampu inayoongeza mafuta. Ni kweli kwamba ukiizungusha kidogo gari hupata nguvu, na robo ya mzunguko humfanya kijana ajione ameoa. Lakini injini isiyo na turbo haipati hewa zaidi ya ile inayoivuta yenyewe, na hewa hiyo hupungua kadiri unavyopanda: kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, imepungua takriban robo. Pampu iliyoongezwa mafuta Tanga, hapa ufukoni, ikipanda huko humwaga mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza, moshi mweusi ukafunga njia, joto likapanda katika vyumba vidogo vya kuwakia ndani ya kichwa cha injini mpaka vikapasuka. Mwenye kutaka nguvu za haki na aanze kwa kupima nozeli, kulisafisha chujio la hewa, na kuondoa hewa katika mafuta. Wengi wakimaliza hayo matatu hugundua kwamba nguvu waliyoitafuta ilikuwamo tangu zamani. Akiona bado, na mwenye gari huyo ana fundi mwenye kipimo cha joto la moshi, wazungushe sehemu ya nane ya mzunguko, kisha wapande naye kutoka Mombo hadi Lushoto wakiitazama sindano.

Katika sanduku langu nyuma ya kiti huwamo filta mbili mpya, mita mbili za mpira wa mafuta, kile kipande kinachoonyesha ndani, klipu kumi, washa za shaba za kila ukubwa, mpira wa pampu ya mkono uliofungwa katika karatasi, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni hiyo vijana huniuliza ni ya nini, wakidhani ya kunawia. Mwaka mmoja jiwe lilitoboa tangi langu baada ya Kijungu, tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Nikaikanda sabuni kwa maji kidogo mpaka ikawa kama ugali, nikaisindilia kwa kidole gumba, kwa kuwa dizeli haiiyeyushi. Nilikusudia inifikishe Handeni tu. Nilipofika Tanga siku ya tatu, fundi alihitaji bisibisi kuitoa.